Mbona alizaliwa mzima? Historia ya swichi moja ya damu

Mwaka wangu wa kwanza wa uzamili nilirudi likizo nyumbani, Chake Chake. Jioni moja tumekaa barazani, shangazi akaniuliza.

"Wewe si unasoma mambo ya damu na jeni? Haya niambie. Yule mtoto wa jirani kazaliwa mzima, mnene, anacheka. Miezi mitano, sita, tunambeba, hana hata homa. Halafu ndo vidole vikaanza kuvimba, mikono na miguu, analia usiku kucha. Hospitali wakasema sikoseli, kazaliwa nayo. Sasa kama kazaliwa nayo, mbona mwanzo alikuwa mzima?"

Nikamjibu, "Inachukua muda kujitokeza, shangazi." Akaitikia kwa heshima tu, lakini nilijua sijamjibu. Nilichofanya ni kurudia swali lake kwa maneno mengine.

Jibu lenyewe lipo, na limechukua zaidi ya miaka 60 kupatikana. Linapita Marekani, Uganda, Ghuba, Sardinia na Muhimbili, na linaishia ndani kabisa ya seli, kwenye kundi la protini zilizoshikana kuizima jeni moja. Makala hii ni historia ya jibu hilo. Utaona pia kwa nini umbo la protini hizo, kitu kinachoonekana cha maabara tu, kinamhusu mtoto yule wa jirani.

Watoto wachanga wa Brooklyn

Kwenye maandishi ya kitabibu ya nchi za Magharibi, sikoseli (au selimundu) ilielezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1910. Daktari James Herrick wa Chicago aliandika juu ya kijana kutoka Grenada ambaye seli zake nyekundu za damu zilikuwa na umbo la mundu. Mwaka 1949 Linus Pauling na wenzake walionyesha kwamba tatizo liko kwenye hemoglobini, ile protini inayobeba oksijeni. Mwaka 1957 Vernon Ingram, akiwa Cambridge, akaonyesha ni dogo kiasi gani: katika mnyororo wa beta wa hemoglobini, asidi amino moja tu imebadilishwa na nyingine. Kosa moja la herufi kwenye jeni, basi.

Lakini shangazi hakuuliza kosa liko wapi. Aliuliza mbona lilichelewa kuonekana. Aliyeliona jambo hilo mapema ni Janet Watson, daktari wa watoto wa Brooklyn, New York. Mwaka 1948 aliripoti kwamba damu ya watoto wachanga waliorithi sikoseli haipindi umbo kirahisi kama ya mama zao. Akahisi kwamba wanalindwa na hemoglobini ya mimbani, yaani ile anayoitumia mtoto akiwa bado tumboni.

Hapa tuelewane vizuri, maana ndipo hadithi yote inapoanzia. Hemoglobini ya mtu mzima ina minyororo minne: miwili ya alfa, miwili ya beta. Hemoglobini ya mimbani nayo ina miwili ya alfa, lakini mahali pa beta ina gama. Kosa la sikoseli liko kwenye jeni ya beta. Mtoto akiwa tumboni beta bado haijaanza kazi sawasawa, kwa hiyo kosa halina nafasi ya kuonekana. Akishazaliwa, gama inafifia polepole na beta inashika zamu. Ikifika miezi sita hivi, zamu imeshabadilika. Hapo ndipo vidole vinapovimba.

Kwa hiyo mtoto yule hakuwa mzima kwa bahati. Alikuwa na jeni nyingine nzima, inayofanya kazi ileile, na mwili wake wenyewe ukaizima. Jeni za gama hazikuondoka. Zipo mpaka leo katika kila seli yake inayotengeneza damu, na zako pia zipo. Zimezimwa tu.

Nani kazizima?

Ramani ya Pwani

Kabla ya kumtafuta mzimaji, tujiulize kwa nini swali hili ni letu. Anthony Allison alikulia Kenya. Mwaka 1949, akiwa mwanafunzi wa Oxford, alishiriki safari ya utafiti huko Kenya, akapima damu za jamii mbalimbali. Akakuta jambo la ajabu: Pwani na kandokando ya Ziwa Victoria, zaidi ya asilimia 20 ya watu katika baadhi ya jamii walibeba jeni moja ya sikoseli. Nyanda za juu walikuwa chini ya asilimia 1. Allison akaona kwamba ramani hiyo inafanana na ramani ya malaria.

Akarudi mwaka 1953 kuithibitisha. Karibu na Kampala alipima watoto 290. Kati ya 43 waliobeba jeni moja, 12 walikuwa na vijidudu vya malaria. Kati ya 247 wasioibeba, walikuwa 113. Pia aliwaambukiza malaria kwa makusudi wanaume 30 wa Kijaluo waliojitolea: kati ya 15 wasio na jeni hiyo vijidudu vilishika kwa 14, na kati ya 15 wenye nayo vilishika kwa wawili tu. Jaribio la namna hiyo leo lingeulizwa maswali mengi na kamati za maadili. Matokeo yalichapishwa mwaka 1954, na mpaka leo ni mfano unaofundishwa kila mahali wa namna ugonjwa unavyoweza kuchagua jeni zetu.

Pemba imo ndani ya ramani hiyo. Sisi ni kisiwa cha mvua, mabonde na mpunga, na malaria ilikuwa sehemu ya maisha. Jeni moja ya sikoseli ilimkinga mtu. Jeni mbili, moja ya baba na moja ya mama, zilimuumiza.

Halafu mambo yakabadilika haraka. Kuanzia mwaka 2003 Zanzibar ilianza kutumia dawa mseto, vikafuata vyandarua vyenye dawa na upuliziaji majumbani. Maambukizi ya malaria katika jamii yakashuka mpaka chini ya asilimia 1. Hii ni moja ya habari njema kubwa za afya katika Afrika Mashariki. Ila jeni hazishuki kwa kasi ya malaria. Faida ya kubeba jeni moja imepungua sana, na watoto wenye jeni mbili bado wanazaliwa. Kwa Tanzania nzima inakadiriwa ni watoto 11,000 hivi kila mwaka. Tumebaki na deni la vita ambayo karibu tumeshaishinda.

Watu ambao haikuzimika

Kidokezo kimoja cha mapema kwamba gama inaweza kubaki inawaka kilitoka kwetu huku. Mwaka 1958 G. F. Jacob na Alan Raper, wakifanya kazi Uganda, walieleza hali ya kurithi ambapo mtu mzima anaendelea kutengeneza hemoglobini ya mimbani kwa wingi. Walieleza pia kinachotokea hali hiyo ikikutana na jeni ya sikoseli. Ajabu ni kwamba mwenye vyote viwili anaweza kuishi bila yale mateso.

Kidokezo cha pili kilitoka Ghuba. Mwaka 1972 Richard Perrine na wenzake waliandika juu ya wagonjwa wa mashariki mwa Saudi Arabia ambao walikuwa na sikoseli kamili, lakini ugonjwa wao ulikuwa mwepesi. Walikuwa na hemoglobini ya mimbani nyingi kuliko kawaida. Kule Ghuba jeni ya sikoseli inapatikana katika mazingira tofauti ya kijeni. Oman, kwa mfano, wamekuta aina zinazohusishwa na Uarabuni na India, na Afrika Magharibi, na ile inayoitwa ya Kibantu. Kwa sisi watu wa visiwani hilo halishangazi. Majahazi yaliyobeba karafuu yalibeba na watu, na watu wakabeba jeni zao.

Kosa ni lilelile moja, lakini maumivu si sawa. Tofauti moja kubwa iko kwenye kile kinachoitawala jeni ya gama.

Waya wa Tanga

Sasa tuingie kwenye unukuzi. Jeni ikitaka kufanya kazi, kwanza lazima inukuliwe: seli inaandika nakala yake kwa RNA, na nakala ndiyo inayopelekwa kutengeneza protini. Jeni isiyonukuliwa ni kitabu kilichofungiwa kabatini. Mwaka 1961 François Jacob na Jacques Monod wa Paris, wakisoma bakteria, walitoa wazo kwamba kuna protini ambazo kazi yake ni kuruhusu au kuzuia unukuzi wa jeni nyingine. (Huyu Jacob si yule wa Uganda. Majina yamegongana tu.)

Kwa binadamu mambo yakawa na mzunguko zaidi. Jeni zetu za familia ya beta zimepangwa kwa mstari kwenye kromosomu ya 11, na mpangilio wake unafuata umri: kwanza ile ya kiinitete, halafu gama mbili, mwishoni ile ya mtu mzima. Mwaka 1983 watafiti waliokuwa London walieleza kisa cha mgonjwa Mholanzi mwenye upungufu wa damu. Jeni yake ya beta ilikuwa nzima, haina kosa, lakini haikuwaka. Kilichokosekana ni kipande kikubwa cha DNA kilichokuwa mbali, kabla ya jeni yenyewe. Mwaka 1987 kundi la Frank Grosveld likaonyesha kwamba katika kipande cha mbali namna hiyo mna eneo la udhibiti linalozipa nguvu jeni zote za mstari ule.

Mpemba ataelewa hili bila taabu. Kabla ya mwaka 2010 umeme wetu ulitoka kwenye majenereta ya hapahapa kisiwani. Mwaka huo ukaja waya wa chini ya bahari kutoka Tanga. Nyumba iko Wete, taa ni nzima, swichi nzima, lakini nguvu inatoka ng'ambo ya mkondo. Waya ukikatika, hata ubadilishe balbu mara kumi, utakaa gizani. Mgonjwa yule Mholanzi balbu yake ilikuwa nzima. Alikosa waya.

Ila kwenye DNA nguvu haisafiri ndani ya waya. DNA yenyewe inajikunja, eneo la mbali likaja kugusana na jeni. Na kinachoshikilia mkunjo huo ni kundi la protini. Mwaka 1989 ilitambuliwa GATA1, protini inayotafuta herufi G-A-T-A kwenye DNA na kukaa hapo. Bila yake seli nyekundu hazikomai. Mwaka 1997 ikaonekana kwamba GATA1 haiko peke yake. Iko pamoja na TAL1, E47, LMO2 na LDB1. LMO2 haishiki DNA yenyewe. Kazi yake ni kuziunganisha protini nyingine. LDB1 nayo ina sehemu inayopenda kushikana na LDB1 nyingine. Kundi moja likikaa kwenye eneo la mbali na jingine kwenye jeni, LDB1 mbili zinashikana mikono na DNA iliyo katikati inabaki kama kitanzi. Mwaka 2012 watafiti wa Philadelphia waliibandika LDB1 kwa nguvu kwenye jeni ya beta ndani ya seli zisizo na GATA1, na jeni ikawaka kwa sehemu kubwa. Maana yake mkunjo si matokeo tu ya jeni kuwaka. Ni sehemu ya kuiwasha.

Eneo la mbali ni moja, jeni zinazolisubiri ni nyingi. Kwa hiyo likishikana na gama, beta inakosa, na likishikana na beta, gama inakosa. Swali la shangazi limekuwa hivi: ni nani anayemfukuza gama mtoto akishazaliwa?

Vidole vya zinki

Kabla ya kumtaja, hebu tuone protini inavyoweza kusoma DNA. Mwaka 1985 Aaron Klug na wenzake, Cambridge, walikuwa wakichunguza protini kutoka kwenye mayai ya chura wa Kiafrika aitwaye *Xenopus*. Waligundua kwamba protini hiyo ina vipande vidogo vinavyojirudia, na kila kipande kimekunjika kuzunguka chembe moja ya zinki. Wakaviita vidole. Mwaka 1991 Nikola Pavletich na Carl Pabo walipata picha ya kwanza ya vidole hivyo vikiwa vimeshika DNA. Walitengeneza fuwele, wakapiga eksirei, wakahesabu mahali pa kila atomu. Vidole vilikuwa vimelala kwenye mfereji wa DNA, na kila kimoja kinagusa herufi tatu hivi.

Hii ni picha ya kukaa nayo akilini. DNA haifunguliwi ili isomwe na protini hizi. Zinaipapasa kwa nje, kama mtu anayetafuta kitasa gizani.

Mzimaji anapatikana

Mwaka 2007 na 2008 makundi mawili, moja la London na jingine lililochunguza watu wa Sardinia, yalitafuta kwenye DNA nzima ya maelfu ya watu kitu gani kinatofautisha wenye hemoglobini ya mimbani nyingi na wenye kidogo. Yote mawili yakaangukia mahali pamoja kwenye kromosomu ya 2, ndani ya jeni iitwayo BCL11A. Hakuna aliyekuwa akiitazama. Ilijulikana kwenye saratani za damu na seli za kinga. Desemba 2008 Vijay Sankaran, Stuart Orkin na wenzao wa Boston walipunguza BCL11A kwenye seli za damu za binadamu, na gama ikawaka. Mwaka 2011 wakaiondoa kwenye seli za damu za panya wenye sikoseli, na dalili za ugonjwa zikaondoka.

Je, mambo ni hayohayo kwa Waafrika, ambao ndio wengi wa wagonjwa? Hapa Tanzania inaingia kwa miguu yake. Tangu mwaka 2004 Profesa Julie Makani na wenzake wa Muhimbili walikuwa wakifuatilia kundi kubwa la wagonjwa wa sikoseli. Mwaka 2011, wakishirikiana na watafiti wa Uingereza, walionyesha kwamba BCL11A inaathiri kiwango cha hemoglobini ya mimbani kwa wagonjwa wa Tanzania pia. Mwaka 2014 Siana Nkya na wenzake wakachapisha uchunguzi wa DNA nzima wa zaidi ya wagonjwa 1,000 wa Tanzania, na BCL11A ikajitokeza tena. Mzimaji wa Sardinia ndiye mzimaji wa Dar es Salaam na Pemba.

Anazimaje? BCL11A ina vidole vya zinki. Mwaka 2018 makundi ya Boston na Sydney yalionyesha mahali vinaposhika: herufi TGACCA, takribani herufi 115 kabla ya mwanzo wa jeni ya gama. Mwaka uliofuata ikachapishwa picha ya fuwele ya vidole vitatu vya mwisho, cha nne, cha tano na cha sita, vikiwa vimeshika herufi hizo. Na hapo kisa cha zamani kikapata maelezo. Tangu mwaka 1985 ilijulikana kwamba familia fulani za Kigiriki zina hemoglobini ya mimbani nyingi kwa sababu ya badiliko la herufi moja, herufi 117 kabla ya gama. Badiliko hilo limo ndani ya neno lilelile. Herufi imebadilika, vidole vinapapasa na havipati mahali pa kushika.

Ila vidole peke yake havizimi kitu. Vinaonyesha mahali tu. BCL11A inakuja na wenzake, kundi kubwa la protini liitwalo NuRD lililogunduliwa mwaka 1998. Kila mmoja humo ana kazi yake. HDAC inang'oa alama ndogo za asetili kwenye histoni, yaani zile protini ambazo DNA imezungushiwa kama uzi kwenye kigurudumu. Alama zikiondoka, uzi unakaza. CHD4 ni mota inayotumia nishati kusogeza magurudumu hayo na kuyapanga. MTA ni kiunzi kinachoishikilia HDAC. Picha yao wawili ilipatikana mwaka 2013. RBBP4 ina umbo la gurudumu lenye mbawa saba, na ncha ya mwanzo ya BCL11A inaingia juu yake na kukaa. Picha ya maungano hayo ilichapishwa mwaka 2018. Mwaka 2024 kundi la Orkin likaongeza kwamba BCL11A haiendi moja moja. Nne zinashikana pamoja, na zikitenganishwa, protini inaoza upesi na gama inawaka.

Kwa hiyo jibu la shangazi ni hili. Mtoto akishazaliwa, BCL11A inaongezeka kwenye seli zinazotengeneza damu. Inapapasa neno lake mbele ya gama, inaleta NuRD, DNA ya pale inakazwa, na lile eneo la mbali linahamia kwa beta. Kwa mtoto mwingine ni mabadiliko ya kawaida ya ukuaji. Kwa yule wa jirani, mwili umezima jeni nzima na kuwasha yenye kosa.

Mkasi wa dola milioni mbili

Novemba 2023 Uingereza ilikubali Casgevy, tiba ya kwanza duniani inayotumia mkasi wa CRISPR. Desemba Marekani ikafuata. Wengi wanadhani inasahihisha kosa la sikoseli. Hapana, kosa linaachwa palepale. Wanachokata ni swichi ndani ya jeni ya BCL11A, mahali hasa GATA1 inapokaa, ile protini tuliyoiona kwenye kitanzi. Swichi hiyo inafanya kazi kwenye seli nyekundu tu. Kwa hiyo BCL11A inapungua kwenye damu, lakini inabaki kwenye ubongo na seli za kinga, ambako inahitajika. Gama inawaka, mtu anarudi kwenye damu ya utotoni. Wagonjwa wengi wa majaribio walikaa mwaka mzima au zaidi bila shambulio kubwa la maumivu.

Ni kazi nzuri kupita kiasi. Lakini bei iliyotangazwa Marekani ni dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja. Na si bei tu. Lazima seli shina zitolewe, zisafirishwe, zikatwe maabara, mgonjwa apewe dawa kali ya kuua uloto wake, halafu akae hospitali wiki kadhaa akisubiri seli mpya zishike. Ukifikiria mtoto wa Micheweni, hayo si matibabu, ni hadithi ya nchi nyingine.

Na hapa nina neno la kusema. Damu za watoto wa Pemba zimeisaidia dunia mara nyingi. Mfano mmoja: mwaka 2002 na 2003 watoto 24,076 wa kisiwa hiki waliingia kwenye utafiti wa vidonge vya madini ya chuma na asidi ya foliki. Ulitegemewa kuonyesha faida. Badala yake watoto waliopewa chuma walilazwa na kufariki zaidi, na sehemu hiyo ya utafiti ikasimamishwa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2006, yakabadilisha mwongozo wa dunia kuhusu kuwapa chuma watoto wa maeneo ya malaria. Watoto wetu walilipa gharama ya elimu hiyo, wengine wakanufaika. Wagonjwa wa Muhimbili nao wametoa DNA zao. Si vibaya kuuliza kinarudi nini.

Kidonge

Kinachoweza kurudi ni kidonge, na kimoja tayari kipo. Haidroksiyurea huongeza hemoglobini ya mimbani. Manufaa yake kwa watu wazima yalionyeshwa Marekani mwaka 1995. Utafiti wa REACH, uliochapishwa mwaka 2019, uliwapa dawa hiyo watoto 606 huko Kilifi, Mbale, Kinshasa na Luanda. Vifo vilishuka kutoka 3.6 hadi 1.1 kwa kila miaka 100 ya wagonjwa, na malaria ikapungua kwa nusu hivi. Ila dawa hii inahitaji kupima damu mara kwa mara, na haimfai kila mtu kwa kiwango kilekile. Iligunduliwa kwa kujaribu, si kwa kuijua swichi.

Dawa inayofuata itatokana na kuijua swichi. Hapo ndipo umbo la protini linapogeuka kuwa jambo la maisha. Ukijua BCL11A inakaa vipi kwenye RBBP4, unaweza kutafuta molekuli ndogo ya kujaza nafasi ile. Ukijua nne zinashikana wapi, unaweza kutafuta ya kuziachanisha. Njia moja imeshatoa matunda kwa wanyama. Mwaka 2024 watafiti wa kampuni ya Novartis walieleza molekuli inayoifanya seli yenyewe iiharibu protini nyingine ya kuzima gama, iitwayo WIZ. Kwa panya na nyani, hemoglobini ya mimbani ikapanda. Kutoka kwa nyani hadi duka la dawa ni safari ndefu, na nyingi huishia njiani. Lakini kidonge hakihitaji wodi ya kupandikiza uloto. Kinaweza kupanda boti na kushuka Mkoani.

Likizo iliyopita nikamweleza shangazi yote haya, bila NuRD na RBBP4. Nikamwambia mtoto alizaliwa na damu nzuri, mwili ukaizima, na wanasayansi wamemjua anayeizima. Akanyamaza kidogo.

"Kwa hiyo ile nzuri bado anayo ndani?"

"Anayo, shangazi."

"Basi mwambie mama yake. Yeye anajua alimpa mbaya tu."

Nikaenda. Nikamwambia na mengine yanayowezekana leo, bila kusubiri Boston: asiache kliniki, aulize daktari kuhusu haidroksiyurea, alale kwenye chandarua hata kama malaria imepungua, na wadogo zake watakaozaliwa wapimwe mapema. Akaniuliza kidonge kipya kitafika lini. Nikamwambia sijui. Akasema sawa, akamshika mtoto, akaniuliza tena lile jina la protini ili alikumbuke.